Shajara ya podikasti: uji, mifupa na riwaya za enzi za Malkia Victoria

Machi, mwanzoni

Naanza kuandika maendeleo ya huu mradi maana nikiacha hivi hivi nitasahau kwanini niliamua nini. Ni podikasti ya Kiswahili, sehemu sita, kuhusu maisha halisi yaliyokuwa nyuma ya zile riwaya za Uingereza za karne ya 19 zinazoongelea umaskini. Uchambuzi wa riwaya zenyewe upo mwingi tu, mimi nataka ile dunia ya nje ya kitabu: sheria, mshahara, choo, bei ya mkate, nani alikuwa anaamua nani ale.

Wazo lilitoka kwenye kundi letu la kusoma. Tulisoma Oliver Twist, riwaya ya Charles Dickens kuhusu mtoto yatima, watu wakahuzunika vizuri, alafu dada mmoja akauliza swali likatukalisha kimya wote, sasa hawa watu kama mjini kumewashinda si warudi kijijini wakalime, hawana kwao? Ni swali la kwetu kabisa na kwa maoni yangu ndo swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa ile siku, kwa hiyo sehemu ya kwanza yote ni jibu lake.

Jibu lenyewe ni kwamba kijijini hakukuwa na shamba la kurudia. Bunge lao lilipitisha sheria za kuzungushia uzio ardhi ya pamoja, zaidi ya 5,200 kati ya 1604 na 1914, jumla kama ekari milioni 6.8, na kipindi kikali zaidi kilikuwa kuanzia katikati ya karne ya 18 mpaka mwanzoni mwa karne ya 19. Ile ardhi ambayo mnyonge alikuwa analishia ng'ombe wake mmoja na kuokota kuni ikawa ina mwenyewe. Yeye akabaki kibarua wa msimu. Zikaja mashine za kupura nafaka zikamnyang'anya hata kibarua cha majira ya baridi, na 1830 vibarua wa kusini wakawa wanazivamia usiku kuzivunja. Waliokuwa na nguvu wakahamia mjini, mpaka sensa ya 1851 ndo kwa mara ya kwanza wakaonekana wa mijini wamewapita wa vijijini.

Alafu kuna suala la parokia, yani eneo la kanisa lililokuwa pia kama serikali ya mtaa. Kusaidia maskini ilikuwa kazi ya parokia tangu sheria ya 1601, na sheria ya 1662 ikaongeza kwamba kila mtu ana parokia yake, ukienda kuomba msaada mahali ambapo sio kwenu wana haki ya kukurudisha ulikotoka ili usiwale wao. Kwa hiyo kurudi kijijini kulikuwepo ila ni kwa kurudishwa, na unarudishwa kwa watu ambao hawakutaki na hawana cha kukupa. Ukijua hilo unasoma tofauti kabisa ule mwanzo wa Oliver Twist, pale Bwana Bumble, ofisa wa parokia, analalamika kwamba wametafuta mpaka wakatangaza zawadi ya pauni 20 na bado hawajajua mama wa mtoto alikuwa mtu wa wapi. Mimi nilidhani ni umbea tu wa kijijini. Kumbe anaulizia bili apeleke kwa nani.

Machi, mwishoni

Sehemu ya pili ni Sheria Mpya ya Maskini ya 1834, nimeiandika kwa hasira mpaka kijana wetu wa sauti akaniambia kaka punguza, unafoka. Nimepunguza. Ila hasira ina sababu, wengi tunadhani yale majumba ya kazi, walikoingia maskini kulala na kula kwa kufanyishwa kazi, yalikuwa mabaya kwa sababu ya uzembe au wizi, na wizi ulikuwepo nitaufikia, lakini ubaya ulikuwa kwenye ramani yenyewe tangu siku ya kwanza.

Ilikuwa hivi. Gharama za kusaidia maskini zilikuwa zinapanda, na kusini mshahara wa kibarua ulikuwa unaongezewa kutoka mfuko wa parokia kufuatana na bei ya mkate. Wakubwa wakaamini huko ni kulea uvivu, tena walikuwa na Malthus wa kuegemea, mchungaji aliyeandika 1798 kwamba watu wanazaana haraka kuliko chakula kinavyoongezeka. Tume ikaundwa 1832, ikaleta kanuni moja: maisha ndani ya jumba la kazi lazima yawe chini ya maisha ya kibarua fukara kuliko wote aliyeko nje, ili asiingie mtu mpaka ameshindwa kabisa.

Sasa piga picha kibarua fukara wa 1834 anaishije alafu jaribu kwenda chini yake. Kwa chakula hapashukiki sana maana chini ya pale ni kaburi. Wakashusha vingine. Mnaingia familia mnatenganishwa, baba huku, mama kule, watoto upande wao. Unavuliwa nguo zako unapewa sare. Mnakula kimya. Na kazi, yani kazi ya makusudi ya kuchosha, kugonga kokoto, kuponda mifupa iwe mbolea, kufumua kamba kuukuu za meli zenye lami, uzi kwa uzi, mpaka vidole vinachubuka, alafu zile nyuzi zinauzwa kwa mafundi wa meli kwa ajili ya kalafati. Mtu wa Pwani ambaye ameshaona fundi anaziba jahazi hapo hahitaji maelezo, kwa hiyo kwenye rekodi nimeweka sauti ya nyundo ya kalafati tu nikaendelea.

Parokia kama 15,000 za England na Wales zikakusanywa kwenye makundi kama 600, kila kundi na jumba lake. Lakini, na hapa nimekaa muda mrefu maana riwaya zinatupotosha kidogo, wengi wa waliosaidiwa hawakuwahi kulala ndani ya jumba. Waliendelea kupewa mkate au visenti wakiwa kwao kwa sababu ilikuwa nafuu kwa walipa kodi. Na kaskazini kwenye viwanda watu waliikataa sheria waziwazi, Huddersfield 1837 kulikuwa na vurugu kabisa, maana kiwanda kikisimama wanakosa kazi maelfu kwa mpigo, utawaweka jumba gani? Nguvu ya jumba ilikuwa kuogopwa. Mzee anauza kitanda, anaweka shuka rehani, anakula maganda ya viazi, ili mradi asipite lile geti.

Aprili

Mwezi wa uji. Kwa ajili ya sehemu ya tatu nimekuwa nasoma majedwali ya chakula yaliyotolewa na makamishna wa maskini, tume iliyosimamia sheria ya 1834, miaka ya 1830, yalikuwa sita, kila jumba lichague lake. La kwanza linasema asubuhi mwanaume anapata mkate wakia 12 na uji painti moja na nusu, mwanamke mkate pungufu kidogo, nyama ni siku chache tu za wiki. Wakia 12 ni kama gramu 340 na painti moja na nusu ni kama mililita 850. Nimepima jikoni nikaweka mezani, uji wenyewe wa oti mwepesi hauna sukari wala maziwa. Kusema kweli kwa asubuhi moja sio kidogo, mke wangu kapita akasema mbona hiki ni kifungua kinywa cha fundi. Tatizo ni kula hicho hicho mpaka ufe.

Chini ya jedwali ndo kuna kamstari kalikonifanya niache kila kitu. Watoto wa chini ya miaka 9 watalishwa kwa jinsi watakavyoona wenye jumba. Wa zaidi ya miaka 9 wapewe kipimo cha mwanamke. Sasa Oliver anahamishiwa jumbani akiwa na umri gani? Siku aliyotimiza miaka 9 ndo Bumble anakuja kumchukua kule alikokuwa analelewa. Yani kwa mujibu wa karatasi yule mtoto amevuka mstari, anatakiwa apate sahani ya mtu mzima, na anachopewa kwenye riwaya ni uji mwepesi mara tatu kwa siku, kitunguu mara mbili kwa wiki na nusu ya kamkate Jumapili. Mwaka 2008 kuna watafiti Uingereza walipiga hesabu kwenye jarida la kitabibu wakaona mlo rasmi wa wakati ule ungetosha kwa mtoto wa umri ule, wa kwenye riwaya usingetosha. Wapo walioshangilia kwamba basi Dickens aliongeza chumvi. Mimi naona wamechelewa kuuliza swali lenyewe, kati ya karatasi iliyoko London na sufuria iliyoko kijijini kulikuwa na mikono mingapi?

Andover inajibu. Ni mji mdogo wa kusini, msimamizi wa jumba alikuwa sajenti mstaafu aliyepigana vita vya Waterloo, anaitwa Colin McDougal. Wanaume walikuwa wanaponda mifupa ya wanyama. 1845 ikajulikana kwamba wanagombania mifupa mibichi kabla haijapondwa, wanafyonza uboho na kuguguna mishipa iliyobaki, maana hata ule mgao wa kwenye jedwali haukuwa unawafikia wote. Mjumbe mmoja wa bodi ya jumba hilo hilo, mkulima Hugh Mundy, ndiye aliyelitoa nje, mbunge Thomas Wakley akalipeleka bungeni, gazeti la The Times likalivalia njuga, kamati ya Bunge ikakaa 1846, na 1847 ile tume ya makamishna ikafutwa ikaundwa bodi mpya iliyowajibika bungeni. Kuponda mifupa kukapigwa marufuku. Riwaya ya Oliver ilitoka kwa vipande kati ya 1837 na 1839, kwa hiyo imeitangulia Andover kwa miaka, na hapo ndo nimepata uti wa mgongo wa podikasti nzima. Kila sehemu itaanza na karatasi ya serikali, alafu tunashuka mpaka kwenye sufuria, riwaya inakuja mwisho kama shahidi.

Nilimpelekea skripti mwalimu wangu wa fasihi wa zamani, amestaafu sasa. Shikamoo, marahaba, akasoma wiki nzima kisha akanipigia, mwanangu, umeiandika vizuri ila umewasahau wanawake, huyo mama wa Oliver kwanini alikuwa anatembea peke yake? Nikaingiza kipengele cha sheria hiyo hiyo ya 1834 kilichomtupia mama asiye na ndoa mzigo wote wa mtoto na kumfanya baba awe mgumu kupatikana kisheria, walikilegeza 1844. Nimekiweka mwanzoni kabisa mwa sehemu.

Mei

Utoto wa Dickens nimeupitisha haraka, dakika nne. Baba kafungwa jela ya wadeni ya Marshalsea Februari 1824, mtoto miaka 12 anabandika lebo kwenye vikopo vya dawa ya viatu kwa shilingi 6 kwa wiki, na hakulisema hadharani maisha yake yote, watu wamekuja kujua mwanzoni mwa miaka ya 1870 kwenye wasifu alioandika rafiki yake Forster baada ya yeye kufa. Inagusa, ila nimechoka na maelezo kwamba aliandika umaskini kwa sababu alionja umaskini. Wengi walionja. Yeye alisoma ripoti. 1842 tume ya ajira za watoto ilitoa ripoti ya migodi ikiwa na michoro, watoto wa miaka mitano sita wamekaa gizani kutwa nzima kufungua na kufunga mlango wa upepo, wanawake wanavuta mikokoteni kwa minyororo wakitambaa, na mwaka huo huo Bunge likakataza wanawake wote na wavulana wa chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi. Ripoti iliyofuata, ya viwanda na karakana, ikamfanya apange kuandika kijitabu cha kutetea watoto wa maskini, akaghairi, akaandika hadithi ya Krismasi ya 1843 ile ya bahili Scrooge. Mshairi Elizabeth Barrett, kabla hajaolewa akawa Browning, mwaka huo huo akatoa shairi la kilio cha watoto kutokana na ripoti hizo hizo. Serikali inachapa jedwali, mshairi analijibu.

Sehemu ya nne ni Manchester. Karatasi ya kuanzia ni ripoti ya Edwin Chadwick ya 1842 kuhusu afya ya vibarua, na takwimu zake nimezirekodi bila muziki. Wastani wa umri wa kufa kwa familia za vibarua Manchester ni miaka 17. Kwa vibarua wa Rutland, mashambani, 38. Kwa mabwana wa Manchester, 38. Yani tajiri wa mjini alikuwa sawa na kibarua wa shamba. (Nimeeleza pia kwamba wastani unavutwa chini na vifo vya vichanga, isije mtu akadhani watu walikuwa wanaanguka wakifika 17.) Na Chadwick huyu huyu ndiye alikuwa katibu wa wale makamishna, mmoja wa walioandika ripoti iliyozaa sheria ya 1834. Miaka nane baadaye anagundua kwamba maji machafu yanaua baba wa familia na mjane na mayatima ndo wanakuja kulelewa na kodi, kwa hiyo hesabu yake ni bado ile ile ya gharama, safari hii tu imemfikisha kwenye mitaro ya maji taka.

Hapo ndo anaingia Elizabeth Gaskell, mke wa mchungaji, anaishi humo humo Manchester, kampoteza mtoto wake wa kiume 1845 kwa homa na akaanza kuandika. Mary Barton ikatoka 1848 bila jina la mwandishi. Kuna ile sura ya chumba cha chini ya ardhi, maji ya mtaro yanachuruzika sakafuni, mgonjwa kalala juu ya majani yaliyolowa, na wanaokuja kumsaidia ni vibarua wenzake wasio na kitu. Wenye viwanda walikasirika wakasema kaegemea upande mmoja. Watu wanapenda kusema kamchukulia Friedrich Engels, Mjerumani aliyeandika kuhusu maisha ya wafanyakazi wa Uingereza, ila kitabu cha Engels kilitoka 1845 kwa Kijerumani, na kwa Kiingereza hakikuonekana mpaka 1887, tena Marekani. Hakuhitaji Engels. Alikuwa anawatembelea hao watu.

Kinachoniudhi kwake na kwa Dickens pia ni mwisho. Oliver anaokolewa na mzee mwenye hela na ikagundulika ana urithi. Mary anapanda meli kwenda Canada. Chartisti, vuguvugu la wafanyakazi, walipeleka bungeni 1842 ombi lenye saini zaidi ya milioni tatu za kudai kura, likatupwa, na kwenye riwaya hizi kura inatajwa pembeni pembeni kama jambo la kuogopesha. Kijana wa sauti anasema hiyo ni siasa niitoe. Siitoi.

Juni

Henry Mayhew, mwandishi wa habari wa London. Hapa ningeweza kutengeneza podikasti nzima peke yake, najizuia. Kipindupindu cha 1849 kilimpeleka Jacob's Island, mtaa wa vibanda vya mbao Bermondsey uliozungukwa na mfereji ambao watu walikuwa wanachota maji ya kunywa na kumwaga vyoo humo humo, gazeti la Morning Chronicle likachapa alichoona, na kutoka hapo akaendelea kuhoji wafanyakazi wa London mmoja mmoja, unapata ngapi, kodi ya chumba ngapi, umekula nini leo.

Ndo mtaa ambao yule mwizi katili Bill Sikes anafia kwenye Oliver Twist. Na 1850 mheshimiwa mmoja wa jiji, Sir Peter Laurie, alisimama akasema Jacob's Island ipo kwenye vitabu tu, haijawahi kuwepo. Mwaka mmoja baada ya kipindupindu! Dickens akamtania vibaya kwenye dibaji ya toleo jipya.

Nimechagua watu wawili wa Mayhew. Wa kwanza ni waokota kinyesi cha mbwa, walikuwa wanakiuza kwa viwanda vya ngozi kwa sababu kilitumika kusafisha na kulainisha ngozi, ndoo inaanzia peni 8, na shilingi yao ilikuwa peni 12 kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Kilichokuwa kikavu na cheupe kiliuzwa ghali zaidi, wakatokea wajanja wa kuchanganya na lipu ya ukutani. Wa pili ni binti wa miaka 8 anayeuza mboga za majani za mtoni, anaamka alfajiri kwenda sokoni Farringdon, anajua kubana bei kama mama lishe, na Mayhew alipomwambia kuhusu bustani za kupumzikia akauliza kama na yeye angeruhusiwa kuingia. Mpwa wangu ana umri huo, ndiye amesoma sehemu yake. Amesoma bila kuigiza, kavu tu, na imetoka vizuri kuliko vile ningemwelekeza.

Julai

Sehemu ya mwisho ina Booth wawili na lazima niwatenganishe mapema maana hata mimi kwenye noti zangu nawaita "wa meli" na "wa Jeshi". Charles Booth ni tajiri wa meli wa Liverpool, alianza kuchapa utafiti wake 1889, akapaka ramani ya London rangi mtaa kwa mtaa, njano matajiri, nyekundu, waridi, ikishuka mpaka bluu nzito na nyeusi. Asilimia 30.7 ya watu wa London walikuwa maskini. Ila soma maelezo ya ile rangi nyeusi, tabaka la chini kabisa, waovu, nusu wahalifu. Ramani ya mapato alafu rangi ya mwisho ni ya tabia! Mtaa wa Old Nichol, mashariki mwa London, uliozaa riwaya ya A Child of the Jago ya 1896, ulibomolewa na halmashauri ikajenga nyumba nzuri za matofali, zikafunguliwa 1900, na kati ya maelfu waliobomolewa walioweza kurudi ni wa kuhesabu kwa vidole, kodi ilikuwa juu. Hilo sihitaji kulieleza kwa msikilizaji wa Dar.

William Booth ndiye wa Jeshi la Wokovu. 1890 alitoa kitabu cha umaskini wa Uingereza na jina lake kaliiga makusudi kutoka kitabu cha msafiri Henry Stanley cha mwaka huo huo kuhusu safari ya kumfuata Emin Pasha, gavana aliyekwama ndani ya Afrika, "Afrika ya giza" ikageuzwa "Uingereza ya giza", msitu wa Ituri wa Kongo ukafananishwa na mitaa ya kimaskini ya East End, London, na wakazi wake. Hii nimeizungusha kichwani muda. Safari ile ya Stanley ilibebwa na mamia ya wapagazi walioandikishwa Zanzibar, wengi wakafia njiani, waliobaki wakatokea Bagamoyo Desemba 1889. Kwa hiyo maskini wa London anaelezwa kwa kufananishwa na msitu, na yule aliyebeba mizigo ndani ya msitu huo hayupo kwenye mfano kabisa. Mwalimu anashauri nisiifanye hitimisho, itaonekana nimebadilisha mada. Nimemsikiliza nusu, nimeiweka katikati ya sehemu, dakika sita, na mwisho nimeacha tarehe kavu: pensheni ya wazee imeanza kulipwa 1 Januari 1909, shilingi 5 kwa wiki ukishatimiza miaka 70, na majumba ya kazi yamefutwa rasmi 1930.

Kilichobaki: kurekodi upya Manchester yote kwa sababu feni inasikika kwenye zile takwimu nilizoacha bila muziki, Jumapili nazima. Mpwa anataka kujua analipwa lini.